Onyesho kama Ushahidi: Utendaji wa Muziki katika Mikutano ya Wanafunzi wa Shahada za Juu

Ikisiri

Makala hii inafafanua nafasi ya onyesho katika mikutano ya kitaaluma ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaotafiti muziki. Katika mikutano hiyo, utendaji huchukuliwa kwa namna mbili: kama burudani inayofuata baada ya mada kusomwa, au kama sehemu ya hoja inayowasilishwa. Kwa kutumia mifano mitatu kutoka Tanzania, yaani mfumo wa sauti wa Wagogo, maqamu katika taarabu ya Zanzibar na desturi ya kutunza, makala inaonesha kuwa yapo maarifa ya muziki ambayo matini na nota haziwezi kuyabeba kikamilifu. Hata hivyo, onyesho halipati hadhi ya ushahidi kwa sababu tu limechezwa vizuri. Hulipata pale linapoweza kuhojiwa. Kwa msingi huo, makala inapendekeza vigezo vinne ambavyo waandaaji wa mikutano, wasimamizi na watahini wanaweza kuvitumia.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayetafiti muziki hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa historia au wa isimu halimsumbui mara kwa mara: je, anachokijua kinaweza kuandikwa chote? Mtafiti wa historia huleta nyaraka, na mtafiti wa isimu huleta data ya lugha. Vyote viwili vinakaa vizuri katika ukurasa. Mtafiti wa muziki, kwa upande wake, huenda amejifunza jambo muhimu kuliko yote kwa vidole, kwa pumzi au kwa sikio, na anapofika mbele ya jopo hutakiwa kulieleza kwa maneno.

Katika taaluma za Kiswahili swali hili lina uzito wa pekee. Nyimbo zimechunguzwa kwa muda mrefu chini ya kivuli cha fasihi simulizi na ushairi. Njia iliyozoeleka ni mtafiti kukusanya nyimbo, kunukuu maneno yake, kisha kuchambua dhamira, mafumbo, taswira na matumizi ya lugha. Kazi hizo zimetupatia maarifa mengi. Lakini ndani ya utaratibu huo wimbo hugeuka kuwa shairi lililopoteza sauti yake. Msomaji wa tasnifu huweza kumaliza kurasa zaidi ya mia moja kuhusu taarabu bila kujua fidla ilifanya nini.

Upungufu huu haujapita bila kutambuliwa. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliweka wazi kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Wanafunzi wengi huinukuu hoja hiyo katika sura ya kwanza na ya pili za tasnifu zao. Tatizo ni kwamba inapofika sura ya uchambuzi, tukio hupotea na matini hubaki peke yake. Makala hii inadai kuwa mkutano wa wanafunzi ndio mahali mwafaka pa kulirudisha tukio hilo katika utafiti, kwa sharti kwamba onyesho lichukuliwe kama hoja.

2.0 Utafiti kuhusu utendaji na utafiti kwa njia ya utendaji

Ni muhimu kutenganisha dhana mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Dhana ya kwanza ni utafiti kuhusu utendaji. Hapa mtafiti huchunguza namna watu wengine wanavyocheza au kuimba, kisha huandika matokeo. Dhana ya pili ni utafiti kwa njia ya utendaji, ambamo kucheza kwenyewe ni mbinu ya kutafuta jibu. Mtafiti hujaribu, hulinganisha, hukosea na kurekebisha akiwa na ala mkononi, na sehemu ya matokeo yake husikika kabla ya kusomwa.

Dhana hizi mbili zina historia katika vyuo vikuu. Mwaka 1960, Mantle Hood wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa hoja kwamba mtafiti wa muziki wa jamii nyingine anapaswa kujifunza kuupiga muziki huo, kwa namna inayofanana na mtu anayejifunza lugha ya pili hadi akaimudu. Kwake, kupiga ala kulikuwa njia ya kufunza sikio ili mtafiti asikie tofauti ambazo mgeni hazisikii. Katika upande wa shahada, shule ya muziki ya Eastman huko Rochester, Marekani, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kutoa udaktari wa sanaa za muziki katika miaka ya 1950. Nchini Finland, Akademia ya Sibelius ilianzisha masomo ya udaktari wa kisanaa katika miaka ya 1980. Humo mtahiniwa hupimwa kwa mfululizo wa maonyesho pamoja na kazi ya maandishi.

Kutokana na historia hiyo kumezuka muundo wa uwasilishaji ambao katika makala hii unaitwa wasilisho-onyesho. Katika muundo huu mwanafunzi huzungumza na kucheza ndani ya kipindi kimoja. Maelezo hutangulia kipande cha muziki, kipande huonesha jambo, kisha maelezo hurudi kufafanua kilichosikika. Wasilisho-onyesho si mada iliyopambwa kwa muziki, wala si tamasha lililotanguliwa na hotuba. Maneno na sauti hutegemeana, na kuondoa kimojawapo huvunja hoja.

3.0 Mkutano wa wanafunzi na kazi yake

Mkutano wa wanafunzi wa shahada za juu ni hatua kati ya chumba cha msimamizi na chumba cha mtihani. Kwa kawaida mwanafunzi hutuma ikisiri, ikisiri hupimwa, na aliyekubaliwa hupewa takriban dakika 20 za kuwasilisha na dakika 10 za maswali. Nchini Uingereza, Royal Musical Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1874, huwa na mkutano wa kila mwaka wa wanafunzi watafiti, ambao katika miaka ya karibuni umeandaliwa kwa ushirikiano na British Forum for Ethnomusicology. Ratiba yake hukutanisha mada za kawaida, mawasilisho-onyesho, kazi za watunzi chipukizi na mafunzo ya kujiandaa kwa ajira.

Faida kubwa ya mkutano wa aina hii ni kwamba kosa lililogunduliwa hapo halina gharama kubwa. Hoja iliyopwaya ikigunduliwa na mwenzako wa mwaka wa pili, unarudi kuirekebisha. Ikigunduliwa na mtahini wa nje, huenda ukapoteza mwaka mzima. Kwa mwanafunzi anayetumia utendaji, faida hii ni maradufu, kwa kuwa ndiyo nafasi yake ya kujua kama wasikilizaji wanasikia kile anachodai kipo.

Suala la kuwaketisha wasomi na wapigaji katika mkutano mmoja lina mfano wa zamani wenye mafunzo. Mwezi Machi na Aprili 1932, chini ya Mfalme Fuad I, Cairo ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Muziki wa Kiarabu. Walihudhuria wasomi kutoka Ulaya, wakiwamo Béla Bartók, Erich von Hornbostel, Curt Sachs na Robert Lachmann, pamoja na wanamuziki kutoka nchi kadhaa za Kiarabu. Kamati ziliundwa kujadili maqamu, ala, skeli na ufundishaji, na kamati ya rekodi ilisimamia kurekodiwa kwa vikundi vilivyokuwapo.

Miongoni mwa mijadala iliyokuwa mizito ni pendekezo la kuigawa oktava katika robo toni 24 zilizo sawa. Katika karatasi pendekezo hilo lilikuwa safi. Lakini sauti za wapigaji hazikukaa katika vipimo hivyo, na wajumbe hawakufikia makubaliano. Leo, watafiti wa muziki wa Kiarabu wanaendelea kurejea rekodi za mwaka 1932 pamoja na maandishi ya mkutano huo. Funzo lake kwa mada yetu ni kwamba utendaji uliwekwa karibu na nadharia kiasi cha kuweza kuikanusha. Mkutano unaoliweka onyesho usiku, baada ya wajumbe kufunga madaftari yao, hujinyima uwezo huo.

4.0 Kile ambacho ukurasa hauwezi kukibeba

Sehemu hii inatoa mifano mitatu. Wa kwanza unahusu sauti, wa pili unahusu ala, na wa tatu unahusu hadhira.

4.1 Mfumo wa sauti wa Wagogo

Muziki wa Wagogo wa mkoa wa Dodoma, uliofahamika duniani kupitia wasanii kama marehemu Hukwe Zawose (1938–2003), una mpangilio wa sauti ambao Gerhard Kubik ameuhusisha na mfululizo wa sauti za asili, yaani zile sauti za ziada zinazolia ndani ya sauti moja ya waya au ya koo. Sauti zinazohusika ni ile ya nne hadi ya tisa katika mfululizo huo.

Hesabu yake ni rahisi. Wataalamu huigawa oktava katika vipimo 1200 viitwavyo senti, na kila nusu toni ya kinanda cha kisasa ina senti 100. Tukianzia sauti ya nne, sauti ya tano iko senti 386 juu yake, ya sita senti 702, ya saba senti 969, na ya nane senti 1200. Kinanda hutoa 400, 700, 1000 na 1200. Kwa hiyo sauti ya sita inakaribiana sana na ya kinanda, lakini sauti ya saba iko chini yake kwa senti 31, karibu theluthi moja ya nusu toni.

Mtafiti anayeuandika wimbo wa Kigogo katika mistari mitano ya nota hulazimika kuichagulia sauti hiyo ya saba nota moja iliyopo. Msomaji akiipiga nota hiyo kwenye kinanda, atasikia sauti ambayo mwimbaji hakuiimba. Mtafiti anaweza kuongeza alama na jedwali la senti, na afanye hivyo. Hata hivyo namba 969 haimwambii mtahini sababu ya waimbaji wengi kuifikia sauti hiyo kwa pamoja bila kusita. Ilimba ikipigwa mbele yake, kisha kifungu kilekile kikapigwa kwenye kinanda, tofauti hujieleza katika muda usiozidi dakika moja.

4.2 Maqamu na ala zenye sauti zisizobadilika

Taarabu ya Zanzibar ina uhusiano wa muda mrefu na muziki wa Misri. Masimulizi ya Zanzibar yanamtaja Sultani Barghash (aliyetawala 1870–1888) kuwa alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Siti binti Saad alirekodi nyimbo huko Bombay mwaka 1928. Kutokana na uhusiano huo, fundi wa taarabu huzungumzia maqamu, na baadhi ya maqamu, kama Rasti, yana sauti zinazoangukia katikati ya nusu toni mbili.

Ndani ya kikundi kimoja cha taarabu hukutana ala za aina mbili. Fidla na udi hazina vizuizi shingoni, hivyo mpigaji huweza kuiweka sauti popote sikio linapotaka. Kodiani, kwa upande mwingine, imefungwa katika nusu toni za kiwandani. Taarabu ya kisasa imekwenda mbali zaidi kwa kukipa kinanda cha umeme nafasi kubwa. Hapo linazuka swali la utafiti lenye uzito: ala zenye sauti zisizobadilika zinapotawala, wapigaji hufanya nini na zile sauti za katikati? Je, huziacha, huzikwepa kwa kuchagua maqamu mengine, au huwaachia fidla na mwimbaji wazibebe peke yao huku kinanda kikinyamaza?

Matini ya wimbo haina jibu la swali hili, na mahojiano hutoa sehemu tu ya jibu, kwa kuwa fundi wengi hufanya mambo ambayo hawajawahi kuombwa wayataje. Njia ya moja kwa moja ni kuwaomba wapige bashrafu ileile mara mbili, pamoja na kinanda na bila kinanda, kisha kusikiliza mahali ambapo mikono inabadilika. Swali lenyewe halina anasa. Vyuo kama Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Zanzibar, kilichoanza kufundisha mwaka 2002, hurithisha ujuzi huu kwa vijana, na kinachorithishwa kinategemea kinachotambuliwa kuwa kipo.

4.3 Kutunza na maana ya ubeti

Mfano wa tatu unagusa moja kwa moja watafiti wa fasihi. Katika onyesho la taarabu, msikilizaji huinuka, husogea mbele kwa madaha na kumtunza mwimbaji fedha. Wakati anaouchagua una maana. Anayetunza katika ubeti fulani hutangaza kwamba maneno yale ni yake, na mara nyingine kwamba yupo mtu ukumbini anayeyastahili. Fumbo ambalo mtunzi aliliacha wazi hupata mlengwa kwa muda ule, na kesho huweza kupata mlengwa mwingine.

Mtafiti anayechambua maneno pekee atasema kuwa ubeti huo unahusu husuda au usaliti, naye hatakuwa amekosea. Lakini ameeleza maana inayowezekana, akaiacha maana iliyotokea. Mwimbaji naye huitikia utunzaji: huweza kuurudia ubeti, kuuvuta au kuongeza mkazo, na wapigaji humfuata. Rekodi ya sauti peke yake huonesha marudio bila kuonesha sababu yake. Diski za santuri za wakati wa Siti, ambazo upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu, hazikuwa hata na nafasi ya marudio hayo. Kwa hiyo hata rekodi ni matini ya aina yake, na inahitaji kusomwa kwa tahadhari ileile.

5.0 Lini onyesho huwa ushahidi?

Mifano hiyo haitoshi kuhalalisha kila onyesho linaloletwa mkutanoni. Mwanafunzi anaweza kupiga udi kwa ustadi mkubwa na asithibitishe lolote. Vigezo vinne vifuatavyo vinapendekezwa.

Kigezo cha kwanza ni swali. Onyesho lijibu swali lililotajwa waziwazi, na liwe swali ambalo maandishi peke yake hayalimalizi. Ikiwa hoja inabaki vilevile baada ya kuliondoa onyesho, basi lilikuwa burudani, na lihamishiwe mahali pa burudani.

Kigezo cha pili ni ulinganisho. Sauti moja iliyosikika peke yake haithibitishi dai. Msikilizaji asikie angalau namna mbili za kifungu kimoja, ili dai la mtafiti lionekane katika tofauti kati yake.

Kigezo cha tatu ni kuhojika. Mtoa mada awe tayari kusimamishwa, kurudia, kupunguza mwendo au kujaribu namna aliyoipendekeza muulizaji. Mkutano utenge muda wa maswali yanayojibiwa kwa ala. Hiki ndicho kigezo kinachotenganisha zaidi wasilisho-onyesho na tamasha, kwa kuwa katika tamasha hakuna anayemwambia msanii arudie ubeti wa tatu bila kinanda.

Kigezo cha nne ni kumbukumbu. Kilichotokea kihifadhiwe kwa namna ambayo msomaji wa baadaye ataweza kukirejea: rekodi ya sauti au picha, tarehe, mahali, ala zilizotumika na namna zilivyolinganishwa, pamoja na majina ya wapigaji walioridhia kutajwa. Ndani ya tasnifu, kila kipande kipewe namba na kirejelewe katika matini kama inavyorejelewa jedwali au picha.

6.0 Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza hudai kuwa onyesho hupita, ilhali tasnifu hudumu. Pingamizi hili lina ukweli, lakini tatizo lake ni la uhifadhi. Kwa miaka mingi rekodi zilibandikwa kama diski nyuma ya jalada, zikatengana na kitabu au zikakosa mashine ya kuzisoma. Hifadhi za kidijitali za vyuo vikuu zinaweza kupokea faili za sauti na picha pamoja na matini, mradi kanuni za uwasilishaji wa tasnifu zizitambue kuwa sehemu ya kazi inayotahiniwa.

Pingamizi la pili hudai kuwa utaratibu huu huwapendelea wapigaji hodari. Jibu lake ni kwamba kinachopimwa ni dai. Mtafiti asiye mpigaji anaweza kushirikiana na fundi, akabaki na wajibu wa kuuliza swali, kupanga ulinganisho na kufafanua matokeo. Kwa kigezo hichohicho, mpigaji hodari asiye na swali hatafaulu.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: watahini wengi hawakufunzwa kusikia wanachotakiwa kukipima. Mtahini wa fasihi hawezi kulaumiwa kwa kutotofautisha senti 969 na 1000. Lakini iwapo jopo zima halisikii tofauti hiyo, mwanafunzi aliyeandika nota isiyo sahihi na aliyeandika iliyo sahihi watapata alama sawa, na maarifa yatakuwa yamepotea mikononi mwa taasisi iliyokusudiwa kuyatunza. Suluhisho ni kumshirikisha fundi mwenye ujuzi wa fani hiyo kama mshauri wa jopo, kwa utaratibu ulioandikwa na kwa malipo. Mkutano wa wanafunzi unaweza kuutangulia utaratibu huo kwa kuwaketisha fundi mbele pamoja na wenyeviti wa vipindi.

Ushirikishwaji wa fundi huibua pia suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara, na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, zinawatambua watendaji kuwa na haki katika kazi zao. Hivyo idhini ya kupiga mkutanoni isichukuliwe kuwa idhini ya kurekodiwa, wala idhini ya kurekodiwa isichukuliwe kuwa idhini ya kuwekwa katika hifadhi iliyo wazi kwa ulimwengu mzima. Idhini hizo tatu ziombwe moja baada ya nyingine, kwa lugha ambayo mhusika anaielewa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba utendaji una nafasi katika mikutano ya wanafunzi wa shahada za juu pale unapobeba sehemu ya hoja na kuwa tayari kupingwa. Mfumo wa sauti wa Wagogo unaonesha mpaka wa nota, maqamu ya taarabu yanaonesha mpaka wa mahojiano, na desturi ya kutunza inaonesha mpaka wa matini na wa rekodi. Katika mifano yote mitatu, maandishi yanabaki kuwa ya lazima, kwa kuwa bila maelezo onyesho halisemi linathibitisha nini.

Inapendekezwa kwamba waandaaji wa mikutano waweke wasilisho-onyesho ndani ya vipindi vya kawaida na kulipa muda wa kuhojiwa. Kwamba wasimamizi wawatake wanafunzi wanaotafiti nyimbo waeleze mapema tukio litaingiaje katika sura ya uchambuzi. Na kwamba vyuo vikuu virekebishe kanuni zao ili sauti iwe sehemu ya tasnifu, isiishie kuwa kiambatisho cha hiari. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wapigaji wa taarabu ya kisasa wanavyoyashughulikia maqamu yenye sauti za katikati, na ufanywe mapema, wakati mafundi waliojifunza kabla ya kinanda cha umeme kushika nafasi wangali wanaweza kuulizwa, na kujibu kwa ala zao.